Dawa Anatumia, Kifua Bado Kinabana: Namna ya Kuutafuta Moshi Unaomwumiza Mgonjwa wa Mapafu

Mama yangu alikaanga maandazi na vitumbua kwa kuni kwa miaka 26, kwenye kibanda cha mabati hapa Mbagala. Hajawahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake. Alipofika miaka 58 daktari akaandika herufi nne kwenye kadi yake: COPD, yaani ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Tukapewa dawa za kuvuta, tukaelekezwa, tukarudi nyumbani na matumaini. Mwezi wa pili tulimkimbiza hospitali usiku wa manane. Mwezi wa tatu tena. Safari hiyo daktari hakuongeza dawa kwanza. Aliniuliza, "Dada, mama huwa anazidiwa saa ngapi, na anakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua jina la kila dawa yake, ila sikujua anavuta hewa gani saa ngapi.

Haya ninayoandika yametokana na swali lile. Ni kwa ajili ya anayemuuguza mtu mwenye COPD, pumu ya muda mrefu, makovu ya mapafu yaliyoachwa na TB, au kifua kilichoharibiwa na vumbi la mgodini. Magonjwa haya hayafanani na dawa zake hazifanani, lakini yote huchochewa na moshi. Nimepanga kwa dalili: tafuta inayofanana na ya mgonjwa wako uanzie hapo.

Hali ambazo hazisubiri uchunguzi

Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, nyama za katikati ya mbavu zikiwa zinaingia ndani kila anapovuta hewa, au pampu ya kutuliza ikiwa haimpi nafuu, hilo ni la hospitali sasa hivi. Angalia pia rangi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi usitazame uso. Tazama ulimi, ndani ya midomo na kucha: zikiwa za bluu au kijivu, usisubiri. Mtoe penye moshi, mkalishe wima akiwa ameinama mbele kidogo na mikono juu ya mapaja au meza, mpe dawa yake ya kutuliza kama alivyoelekezwa, na usafiri utafutwe huku hayo yakiendelea.

Makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka, au homa ikipanda, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Hayo yanaweza kuwa maambukizi, na kufungua dirisha hakutayatibu.

Daftari la siku 7

Kwa wiki moja, kila anapokohoa sana au kuomba pampu, andika saa, mahali alipokuwa, kitu kilichokuwa kinawaka karibu (jiko, taka, dawa ya mbu, udi, jenereta), na pampu amepuliza mara ngapi. Usibadilishe chochote bado. Ukianza kubadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua ni lipi lililosaidia, na baada ya mwezi familia itachoka na kurudia yote.

Usiliamini jicho peke yake. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile za maikromita 2.5 kushuka chini, ndogo kuliko unene wa unywele kwa takriban mara 30. Pua haizizuii, na kikohozi hakizitoi zikishafika chini kabisa kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa saa 24. Jikoni kwenye kuni, ndani ya chumba kilichofungwa, kiwango hicho hupitwa mara nyingi mno kabla maji ya ugali hayajachemka.

Mchana yuko sawa, usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani

Anza na dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mzunguko. Sisi tulikuwa tunaiweka chini ya kitanda cha mama, tukiamini tunamtunza. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima chembe ndogo zinazotoka kwenye mzunguko mmoja ukiungua hadi mwisho, ukakuta zinalingana na za sigara kati ya 75 na 137. Mama hajawahi kushika sigara, na kila usiku tulikuwa tunamwashia hizo.

Usiondoe kinga ya mbu ukamwachia malaria. Weka chandarua chenye dawa, chomekea vizuri chini ya godoro, weka wavu madirishani, na kama kuna umeme feni husaidia kuwafukuza mbu. Dawa ya kupuliza ya kopo nayo humbana kifua. Ikilazimu, ipulizwe akiwa nje, na aingie baada ya saa moja au mbili hewa ikiwa imebadilika.

La pili ni kibatari. Utambi wa wazi wa mafuta ya taa hutoa masizi mengi ajabu: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua kwenye taa za namna hiyo hugeuka masizi. Taa ndogo ya sola inalimaliza tatizo hili moja kwa moja, na kwa maoni yangu hakuna badiliko lingine rahisi kama hilo.

Kama hakuna kinachowaka chumbani na bado anakohoa akilala, mweleze daktari. Kiungulia kinachopanda usiku, moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, na vumbi la godoro kuukuu kwa mwenye pumu vyote huja kwa sura hii.

Anaamka vizuri, kifua kinabana kati ya saa 11 na saa 2 asubuhi

Saa hizo ndizo nyumba za Kiswahili zinaamka: uwanja unafagiliwa kwa ufagio wa chelewa, majani na mifuko vinakusanywa pembeni na kuchomwa, majiko ya mkaa yanawashwa. Na hewa ya alfajiri imetulia. Ardhi imepoa usiku kucha, hewa ya chini ni baridi na nzito kuliko ya juu, kwa hiyo moshi haupandi bali unalala usawa wa madirisha. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua nazo zimekata, hakuna cha kuuosha.

Uwanja unyunyizwe maji kabla ya ufagio kugusa chini. Atakayefagia asiwe mgonjwa, hata kama ndiyo kazi aliyoizoea miaka yote. Mama alilichukia sana agizo hili, aliona tunamfanya mzigo. Tulipompa kazi ya kukata mboga akiwa barazani upande wa pili wa nyumba, akatulia. Taka za plastiki zisichomwe kabisa nyumbani kwenu. Za majani zifukiwe au ziwekwe kwenye shimo la mbolea. Mazoezi ya kutembea aliyopangiwa yasogezwe hadi saa 3 au saa 4, jua likiwa limeshapasha ardhi na hewa imeanza kupanda.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na moshi hauonekani

Hii ndiyo naiogopa kuliko zote. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi wa kuonekana, na ndiyo maana watu huuona salama. Kumbe hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu mzima wa afya huanza kwa kuumwa kichwa. Mgonjwa wa mapafu, ambaye oksijeni yake ilikuwa haitoshi tangu mwanzo, anaweza kupoteza fahamu.

Utaitambua hivi: watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Watoe wote nje, jiko litolewe, mgonjwa apelekwe hospitali, na ukifika waambie wahudumu kwa maneno kamili: "Kulikuwa na jiko la mkaa ndani." Waambie, kwa sababu kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 huku mtu akiwa anakufa.

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa na majivu juu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Nawaandikia hasa ndugu wa Njombe, Makete na Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu kuingiza jiko chumbani. Blanketi mbili na soksi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Na kujifukiza je? Kujifunika shuka zito juu ya chungu kilichokaa kwenye makaa ni kumfungia mgonjwa ndani pamoja na gesi hiyohiyo, na mvuke mkali huweza kuzibana njia za hewa na kuunguza ngozi. Najua wengi wanaiamini nyungu. Kwa mgonjwa wa mapafu naomba iachwe.

Tumenunua gesi, hali iko vilevile

Swali hili naulizwa kuliko mengine, na kwetu ndilo lililochukua muda mrefu kulitatua.

Kwanza, chunguza kama jiko la zamani limestaafu kweli. Tulinunua mtungi wa kilo 6, tukaupongeza, kisha maharage, makande na maji ya kuoga vikabaki kwenye mkaa kwa sababu "gesi itaisha". Kwa hesabu ya saa, chai na mayai dakika 20 kwa gesi, maharage saa mbili na nusu kwa mkaa. Tulikuwa tumehamisha kile kidogo na kuacha kile kikubwa. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria ya presha, ya gesi au ya umeme, inapunguza tena. Hamisha kwanza chakula kinachokaa motoni muda mrefu. Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10, 2024 hadi 2034, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema, lakini nyumbani mtungi peke yake haupiki maharage mpaka mtu akae na kupanga.

Pili, jiko banifu si dawa. Linaokoa mkaa na fedha, na moshi wake ni pungufu, ila kupungua si kwisha. Nchini Malawi, wilaya za Chikhwawa na Karonga, watafiti waligawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yalitoka mwaka 2016: nimonia haikupungua kwa watoto wa nyumba zilizopewa. Moshi ulikuwa pia kwenye taka, kwenye tumbaku, kwa majirani, kila mahali. Hao walikuwa watoto, si wagonjwa wa COPD, lakini somo la kutafuta vyanzo vyote niliona linatuhusu.

Tatu, moshi wako unaweza kuwa unatoka nje na kurudi ndani. Hapa fanya jaribio. Chana kipande cha karatasi laini ya chooni, upana wa vidole viwili, ukishike kwa ncha mbele ya mlango wa jikoni, kisha mlango wa chumba cha mgonjwa, kisha kwenye matundu yaliyo juu ya dirisha. Angalia kinapepea upande gani asubuhi, na upande gani jioni. Kwetu, jioni karatasi ilikuwa inavutwa ndani kwa nguvu kupitia matundu ya juu ya dirisha la mama. Jiko la mkaa tulikuwa tumeliweka nje, kweli, lakini chini ya dirisha hilohilo, kwenye kivuli cha paa. Nikatundika kitambaa cheupe kilicholowa juu ya matundu. Siku ya tatu kilikuwa na mistari myeusi, inayolingana tundu kwa tundu. Mama alikishika, akakigeuza, akakitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe hivi ndivyo vilivyomo mle ndani." Akakiweka chini bila kusema lingine.

Tulihamisha jiko hatua 12, upande ambao upepo unatoka kwenye nyumba kwenda kwenye uwanja wazi. Gharama yake ilikuwa shilingi sifuri.

Wasioweza kabisa kuuacha mkaa wafanye haya: uwashwe na mtu mwingine, nje, bila plastiki wala mpira, na mgonjwa akae mbali mpaka moshi wa kuwashia uishe. Mkaa uwe mkavu. Anayepika akae ubavuni mwa upepo, moshi usimpitie usoni. Na kama mgonjwa anatumia mashine au mtungi wa oksijeni, moto wowote uwe mbali naye angalau mita 3, iwe jiko, mshumaa au sigara. Oksijeni huufanya moto mdogo uwe mkubwa ghafla.

Hakuna kinachowaka, lakini kifua kimekaza

Uliza kuhusu harufu. Udi na ubani ni moshi kama moshi mwingine, hata ukinukia. Nyumba za pwani kuliacha hili ni kazi, nimeona. Kwetu tulikubaliana ufukizwe nguo zikiwa zimetundikwa chumba kingine na mama akiwa ametoka. Dawa ya klorini ya kudekia chooni, rangi mpya ya ukuta, manukato makali, pilipili inayokaangwa: vyote hivi vinakaza kifua cha mwenye pumu kwa dakika chache. Wavutaji sigara watoke nje kabisa, kusimama mlangoni hakutoshi.

Maziwa hayasafishi mapafu. Yanakwenda tumboni. Ayanywe kwa sababu ya lishe, ambayo wagonjwa wengi wa COPD wanaihitaji sana, lakini asirudi kwenye moshi akidhani ameshajikinga.

Akienda mjini anarudi hoi

Chembe za magari ni nyingi zaidi barabarani kwenyewe na hupungua sana ukishaingia mita mia mbili au tatu ndani. Kwa hiyo apite mitaa ya ndani badala ya kando ya Barabara ya Kilwa, na asubiri gari nyuma kidogo ya kituo, asisimame penye bomba za moshi. Miadi iombwe ya saa 4 au saa 5, foleni zikiwa zimepungua. Kwenye gari dogo funga vioo na uweke feni izungushe hewa ya ndani. Bodaboda nyuma ya lori ni kati ya vitu vibaya mnavyoweza kumfanyia.

Barakoa ya kitambaa au upindo wa khanga huzuia vumbi la kuonekana tu. Inayochuja chembe ndogo ni ya aina ya N95, na inafanya kazi ikibana uso pande zote. Ndevu au ukubwa usiofaa huiharibu. Haizuii kaboni monoksidi. Na kwa mtu ambaye pumzi yake tayari ni fupi, inaweza kumlemea. Mwache aijaribu nyumbani akiwa amekaa, dakika 10, na akiona inambana aivue, kisha muulize daktari. Kiyoyozi cha ukutani, kwa wanaouliza, kinapoza tu; chembe ndogo hakizichuji.

Mazingira yamesafishwa, pampu bado haisaidii

Mwambie avute mbele yako. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa ikaishia kwenye ulimi. Atikise, atoe pumzi yote, afunge midomo, aanze kuvuta polepole huku akibonyeza, ashikilie pumzi kwa sekunde 10 au kadiri awezavyo. Ile chupa ya plastiki inayowekwa katikati ya pampu na mdomo (spacer) husaidia sana wazee. Kopo la salbutamoli kwa kawaida lina mipulizo 200. Lisilo na namba, hesabu kwenye daftari. Kuelea kwenye maji hakuonyeshi kama limeisha, linaweza kuendelea kutoa gesi tu bila dawa. Dawa ya kila siku ya kuzuia isisimamishwe kwa sababu siku hizi anajisikia vizuri.

Daftari linaonyesha saa 12 jioni, na moshi si wako

Ni wa jirani. Wetu alikuwa anachoma chips upande wa pili wa ukuta na kuwashia mkaa kwa mifuko. Nilikaa na hasira wiki nzima, nikitunga maneno makali. Mwishowe nilikwenda asubuhi, hana wateja, nikiwa na daftari mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Ndiyo nimekuja kwa ajili yake. Naomba unisaidie." Nikamfungulia kurasa. Saa 12 na robo, saa 12 na nusu, saa 12 na dakika 20, siku tano mfululizo.

Alikaa kimya. Kisha akaniambia naye kifua kinamuwasha kila jioni, akadhani ni mafua ya kudumu. Tulikubaliana mambo mawili: mkaa unawashwa upande wa barabara ndipo jiko linaletwa, na mifuko haitumiki. Nilimpelekea vipande vya magunzi na vijiti vikavu vya kuwashia. Yeye ananitumia ujumbe kabla ya kuwasha.

Kama jirani hakubali, mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha bwana afya wa kata. Nenda na daftari, lina nguvu kuliko malalamiko. Wakati mnasubiri, funga dirisha la upande ule nusu saa kabla ya muda wake, ziba matundu ya juu kwa kitambaa kilicholowa, mhamishie mgonjwa chumba cha upande wa pili, na hakikisha ndani hakuna kinachowaka mkiwa mmejifungia. Moshi wa nje ukiisha fungua madirisha yote. Kwetu ni saa 2 na nusu usiku.